Goti la Mama, Kikohozi cha Babu

Mume wangu akishikwa na kikohozi, mimi huumwa goti. Nikimwambia hivyo hucheka, anasema nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini ni kweli. Wiki iliyopita alichemsha maji, akakamulia limau, akamiminia asali, na ule mvuke ulipofika sebuleni nilipokuwa nimekaa na mguu juu ya stuli, goti langu la kulia likashtuka. Nikashika meza nikainuka, namna ile tunayoinuka sisi tuliofika umri huu, kwanza mikono, kisha kiuno, kisha dua. Nikaenda jikoni kunusa vizuri. Nikajikuta nalia. Mwenzangu akadhani ni maumivu, akaanza kunitafutia vidonge kwenye droo. Nikamwacha atafute.

Goti lenyewe linanisumbua tangu mvua zilizopita, na maumivu hushuka nyuma mpaka kwenye kigimbi. Daktari niliyemwona aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna mwingine mwenye tatizo hili. Nikasema mama. Akauliza lilimwanzaje. Nikasema ni kazi za majaruba ya mpunga, akaandika. Sikumwambia habari za babu, maana ningeanzia wapi, na nje foleni ilikuwa ndefu?

Kwetu ni upande wa Mwaya, mahali ambapo ziwa hulioni, lakini asubuhi kukiwa kimya unalisikia. Nyumba zetu zilikuwa mbili. Ya babu ilikuwa mbele, mlango ukitazama njia kubwa ya miguu, na yetu ilikuwa ubavuni mwake, ng'ambo ya migomba, shamba la kokoa likiwa nyuma ya zote mbili. Ukitoka kwetu kwenda bombani, dukani au kwenye mpunga, ulipita mbele ya mlango wa babu. Usipotaka kupita hapo, ulizunguka: uteremke shamba lote la kokoa hadi kijitoni, uvuke maji, ufuate tuta la jaruba la jirani, ndipo uibukie njiani kule mbali ukiwa umelowa mpaka magotini.

Bibi alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, na babu alikuwa ameioa ile njia badala yake. Asubuhi alitoa kigoda chake, akakaa mlangoni, na hakuna aliyepita bila kusimamishwa. Wanawake wa Kikisi wenye vyungu vichwani aliwauliza udongo wa mwaka huu ukoje. Wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya Songwe na marobota kwenye baiskeli aliwauliza habari za ndugu zake wa Malawi, na kama hawawajui aliwatajia mpaka wakawajua. Vijana waliopita jua likiwa utosini aliwasalimia "Ugonile!", salamu ya aliyetoka kulala, na wao walijua wanasemwa. Mimi aliniita mchumba. Nilikuwa namletea chakula, nakaa naye mpaka amalize, narudisha vyombo. Nilimpenda mno yule mzee. Alinukia ugoro na majani makavu ya migomba, na hata leo nikipita palipochomwa majani hayo huwa napunguza mwendo.

Mtu mmoja tu hakusalimiana naye, na huyo ni mama yangu. Wenzangu wa kwetu mnajua. Mkamwana anamwogopa mkwe wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, haingii kwake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayetoka kando. Siku hizi desturi imelegea, nasikia wakamwana wengine wanawapigia wakwe zao simu za video. Kwetu wakati ule haikuwa imelegea. Hata kanisani mama alisubiri babu atoke kwanza kwa mlango wa wanaume, ndipo yeye akusanye kitenge chake.

Kwa hiyo babu alikuwa na kikohozi. Akisikia hatua za mwanamke zinatoka upande wa kwetu, alikohoa kwa nguvu, ili mkamwana wake ajue alipo wasije wakagongana. Mama akikisikia, alivuta kitenge kichwani, akatoka njiani, akachuchumaa nyuma ya migomba, mgongo ukiwa upande wa mzee, mpaka mzee aingie ndani. Mzee naye hakukawia, lakini alikuwa mtu mzima, na kuinuka kwenye kigoda kulikuwa safari. Akiona atachelewesha watu, mama alizunguka kijitoni.

Hayo hakuna aliyenieleza. Watoto wa kwetu hawakuelezwa mambo, waliachwa wayaone. Na mimi nilichoona ni hiki: babu anakohoa, mama anaanguka.

Mwaka mmoja, wakati wa kupandikiza mpunga, goti la mama lilivimba. Lilianza kwa kulia, akikunja linalia kama ufunguo kwenye kufuli lenye kutu, kisha likajaa, kisha kigimbi nacho kikawa kigumu na kizito. Wanawake wakaja kila mmoja na ugonjwa wake. Mmoja alisema ni baridi ya tope. Mmoja alisema ni ruba, wale wa majarubani, wamenyonya damu nzuri wakaacha mbaya. Jirani yetu mmoja, mama mnene mwenye sauti ya chini, alisema miguu haivimbi hivihivi, kuna mtu. Kila mmoja akaacha na dawa. Mama akakandwa kwa tofali la moto lililofungwa kwenye kanga, akapakwa mawese yaliyochemshwa na majani nisiyoyajua, akachanjwa chale zilizopakwa unga mweusi. Kazi ya kuchua nilipewa mimi. Nilikaa chini, mguu wake mapajani mwangu, na nilipobonyeza nyuma ya goti alivuta pumzi kwa meno. Jirani yule mwenye sauti ya chini akatusimulia habari za mwanamke wa Ngana ambaye mguu wake ulijikunja ukakataa kunyooka tena, sasa anajikokota uani kwa makalio. Nikamtazama mama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Hatimaye baba akatupandisha kwenye lori la mpunga, tukaenda hospitali mjini. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikataa kubaki. Daktari alikuwa kijana mgeni, Kiswahili chake kilikuwa cha mbali. Alimuuliza mama kama kifua kinabana, kama akipumua kunachoma. Akashika vigimbi vyote viwili kuona kipi kina joto, akavipima kwa utepe kama wa fundi cherehani, akabonyeza hapa na pale akimtazama usoni.

"Nilikuwa naogopa damu imeganda kwenye mshipa," alisema. "Hiyo haina mchezo, ingetufanya tukulaze. Lakini hii siyo. Goti limelika ndani, limetoa maji, na maji yakapenya kwa nyuma yakateremka kwenye kigimbi. Huku chini panauma, lakini mgonjwa ni goti."

Akayavuta kwa bomba la sindano. Yalikuwa ya manjano, na mimi nilitoa macho mpaka nesi akanigeuza kichwa.

"Sasa sikiliza, mama. Goti lililolika halirudi kuwa jipya, lakini linaweza kukubeba miaka mingi ukilitunza. Vidonge hivi ni vya maumivu, utameza baada ya kula. Topeni usiingie mpaka uvimbe uishe. Usitembee mbali bila sababu. Mguu usiulaze tu, ufanyishe kazi: kaa, unyooshe, ukaze paja, ushushe taratibu, kila siku. Na usichuchumae. Unachuchumaa sana?"

Mama akatazama kitenge chake. "Kidogo tu."

"Kila siku!" nikasema. "Kila babu akikohoa!"

Mama alinifinya nikaona nyota. Daktari akacheka, hakuelewa hata neno. "Basi na babu naye apewe dawa ya kikohozi," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Wakubwa walisikia utani. Mimi nilisikia daktari.

Nyumbani baba alijaribu. Nilikuwa nje ya jiko nachambua mboga, nikawasikia.

"Pita tu pale mbele," baba alisema. "Wewe ni mgonjwa. Mzee ataelewa."

"Ataelewaje na hajui? Nani atamwambia?"

Nikamsikia baba akisukuma kuni mekoni.

"Wewe utaenda kumweleza baba yako habari za magoti ya mkeo?"

 Mwanaume wa kwetu angeweza kumwambia baba yake kwamba ng'ombe wote wamekufa, lakini siyo hilo.

"Basi," mama akasema. "Tangu niolewe hapa sijamkosea yule mzee hata kwa kivuli. Sitaanza leo kwa ajili ya goti."

Asubuhi akaenda zake kwa njia ya kijitoni, mguu mmoja ukivutwa na mwingine, vidonge vikiwa vimefungwa kwenye pindo la kitenge. Aliporudi goti lilikuwa limejaa tena kama vile hatukwenda popote.

Asali yetu ilikaa kwenye chupa, chini ya kitanda cha wazazi, ikingoja surua na wageni. Niliiba vijiko vya kutosha. Limau nililichuma mwenyewe, nikachomwa vidole na miiba. Nikachemsha kwenye kikombe cha bati mama alipokuwa uani, na nilipompelekea babu wali wake na samaki, nikatanguliza kikombe.

"Kunywa, babu."

"Hii ni nini tena, mchumba wangu?"

"Dawa ya kikohozi. Daktari wa mjini ndiye amesema upewe."

"Daktari wa mjini ananijua mimi?"

"Amesema unywe ili mama apone goti."

Kikombe kilikuwa kimefika karibu na mdomo. Babu akakishusha gotini kwake. Kwa kawaida habari za mama hazikutajwa mbele yake, yeye huuliza tu, "Nyumbani wote mmeamka?" na mimi hujibu, "Wote." Akatazama njia, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kikohozi changu na goti la mtu vimejuana wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kama ninavyowaambia ninyi, ila kwa pumzi moja. Kwamba yeye akikohoa mama anaanguka kwenye migomba, na akianguka goti linavimba. Kwamba asipoanguka anazunguka kijitoni, na hapo linavimba zaidi. Kwamba maji yamevutwa kwa sindano na yamerudi. Kwamba baba ameogopa kumwambia, na mama amekataa kupita. Kwamba yupo mwanamke Ngana anajikokota kwa makalio.

Mzee hakuwa na kikohozi chochote, kifua chake kilikuwa kizima kuliko changu. Lakini alikunywa ile dawa yote, taratibu, mpaka mashapo ya limau. Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima.

"Ndaga fijo," asante sana, akasema. "Nimepona."

Wali hakuugusa siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya daktari.

Siku chache baadaye niliwakuta babu na baba wameshika sururu. Walikuwa wanabomoa ukuta wa nyuma wa nyumba ya babu, ule uliotazama shamba la kokoa. Wakapachika huko mlango na fremu yake. Kisha wakachukua matofali wakaziba palipokuwa na mlango, upande wa njia, safu juu ya safu, wakakandika kwa udongo mpaka usingejua kwamba pale paliwahi kuwa na mtu na kigoda chake.  Waliopita wakauliza, mzee, mbona unatupa kisogo? Babu akajibu kwamba jua la jioni linamuumiza macho. Mlango ule ulikuwa haupati jua la jioni hata kidogo.

Mimi nilielewa kwa akili yangu. Nilijua amekasirika. Nimemwambia maneno ambayo hayasemwi, na sasa ametugeuzia mgongo, sisi na watu wote. Wale wenye vyungu walipita wakatazama ukuta, wakapita. Wenye baiskeli nao vivyo hivyo. Babu akawa anakaa upande wa pili akitazama miti ya kokoa, palipokuwa na mbu na ile harufu chachu ya mbegu zinazovundikwa chini ya majani ya migomba, na hapakuwa na wa kumwambia "Ugonile" isipokuwa mimi na kuku. Moyo uliniuma. Niliona kama nimemnywesha dawa ya kunyamazisha watu.

Asubuhi ya kwanza baada ya ukuta, nilimfuata mama na ndoo yangu ndogo. Alipofika kwenye migomba yake alisimama, mkono tayari kwenye kitenge, akingoja mzee akohoe. Hakukuwa na kikohozi. Akasogea hatua moja akachungulia, akauona ukuta mbichi, udongo haujakauka. Alisimama pale mpaka nikadhani goti limekataa. Kisha akapita, wima, mbele ya nyumba ya mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe bila kuchuchumaa kwanza. Alipofika katikati ya ukuta akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo mimi tu ningeisikia, "Ndaga, tata," yaani asante, baba. Nikadhani anashukuru kwamba mzee amefungiwa, nikamnunia siku nzima.

Uvimbe ulipungua. Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda kila asubuhi akinyoosha mguu, akikaza paja, akishusha taratibu, mimi nikiwa mkaguzi. Kijitoni hakwenda tena, migombani hakuchuchumaa tena. Kukandwa kwa matofali ya moto kukaachwa, chale zikafutika, na jirani mwenye sauti ya chini akatafuta mguu mwingine wa kuuzungumza.

Babu naye nikaendelea kumpelekea chakula, huko nyuma. Siku moja tulikuwa tukiongea, akanyanyua kidole ghafla, ninyamaze. Akainamisha sikio kuelekea ukutani, mdomo wazi, tonge mkononi. Nikadhani anasikiliza wezi wa kokoa. Ng'ambo ya ukuta hatua zikapita, tap, tap, tap, zikaishilia. Hapo babu akarudi kwenye wali wake. "Leo anakanyaga sawa," alisema, na siku hiyo alikula akamaliza, akaniomba na ukoko. Karibu kila asubuhi ilikuwa hivyo: kidole, sikio, halafu, "Leo anakanyaga sawa." Nami nikirudi nyumbani namkuta mama amekaa kizingitini, kitenge kimepandishwa, anakanda goti kwa viganja vyote viwili. Nikajua kwamba babu ameanza kuwa kiziwi, na nikamhurumia kwa uzee.

Alikufa nikiwa shule ya bweni. Nilipofika walikuwa wameshazika. Waliniambia mama alilia upande wa wanawake, nyuma kabisa, na watu walipopita kuaga yeye hakupita.

Sasa nimetoka huko nyumbani. Baada ya ile asali na limau nilishindwa kukaa, nikapanda basi na goti langu. Mama yupo, anatembea kwa mkongojo, na miguu yake bado inanyooka yote miwili. Nyumba ya babu hakuna anayelala humo, tunawekea mpunga. Tulikaa nje tukiutazama ule ukuta, nikamweleza niliyoambiwa na daktari wangu, naye akanikagua ninavyonyoosha mguu, akasema nakaza paja kivivu. Tukacheka. Halafu akawa anazungusha mkongojo kwenye vumbi.

"Mwanangu. Babu yako alikuwa na sura gani?"

Nikamtazama, sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa. Miaka yote ile, uji na wali na samaki, na ukuta, hajawahi kumwona usoni.

"Picha yake ninayo kwenye simu, mama. Ile ya kitambulisho, niliipiga. Ngoja nikuonyeshe."

Akaweka kiganja chake juu ya simu. "Kumtazama, hapana. Niambie tu."

Nikamwambia. Paji kubwa, lililokunjamana hata akifurahi. Sikio la kushoto limechanika kidogo chini. Pengo la mbele, alilokuwa akilipitisha ulimi akitaka kutania. Nywele nyeupe kidevuni, kichwani chache. Mama alisikiliza amefumba macho, akiitikia kwa kichwa kila nikitaja kitu, kana kwamba navipanga mbele yake. Nikaishiwa. Ndipo nikakumbuka kile kidole.

"Ukipita pale ukutani alikuwa akininyamazisha," nikasema. "Anatega sikio mpaka uishilie. Halafu anasema, leo anakanyaga sawa."

Mama akafumbua macho. "Alikuwa anasikiliza?"

"Kila siku. Hawezi kula mpaka upite."

Akageuka akautazama ukuta, pale katikati, palipokuwa na mlango. Machozi yakateremka bila yeye kuyafuta.

"Nilijua lazima atasikia," akasema. "Lilikuwa linaniuma, mwanangu, acha tu. Lakini nilikuwa nachechemea kutoka nyumbani mpaka pale kwenye migomba, na nachechemea tena nikishapita. Hapo ukutani, hata siku moja."